Usimwache mpagazi katikati ya Mgunda Mkali

Ilikuwa siku ya Ijumaa, tumetoka kuswali, nami niko nje ya msikiti hapa Tabora natafuta viatu vyangu. Simu ikaingia ujumbe. Ulitoka kwa mhasibu wa shule moja binafsi niliyokuwa nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiarabu. Ulikuwa mfupi: mkataba wangu hautaongezwa, Jumatatu nisije, uongozi unanishukuru kwa ushirikiano.

Shule sitaitaja, kwa sababu lengo la makala hii si kumshitaki mtu. Itoshe kusema kuwa mkataba wangu ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na ulikuwa umeongezwa mara tisa. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba mimi si mwajiriwa bali ni mtoa huduma anayejitegemea, na kwamba upande wowote unaweza kuusitisha wakati wowote. Kifungu hicho nilikisaini mara kumi kwa mkono wangu mwenyewe, wala hakuna aliyenishikia panga.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa karatasi, sikudhulumiwa. Malipo yangu hadi siku ile nililipwa yote. Lakini nilipofika nyumbani na kumweleza mke wangu, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: “Kwani wao walijua lini?”

Hakuuliza kwa nini wameniacha. Aliuliza walijua lini. Baadaye nikaja kufahamu kwamba mwalimu aliyechukua nafasi yangu alifanyiwa usaili wiki sita kabla ya ujumbe ule. Kwa wiki sita nilikuwa naingia darasani, nasahihisha madaftari, nachukua unga na mafuta kwa mkopo dukani nikitegemea muhula ujao, na watu ninaosalimiana nao kila asubuhi wanajua kwamba muhula ujao haupo.

Ndugu msomaji, hoja ninayotaka tuitazame ni hii: mtu anapokuwa na haki ya kuuvunja mkataba wakati wowote, je, anakuwa pia na haki ya kuuvunja kwa namna yoyote? Suala hili si dogo. Katika miji yetu leo, idadi kubwa ya watu wanaishi kwa mikataba ya namna hii: walimu wa vipindi, mafundi wanaohudumia ofisi, waandishi wanaolipwa kwa habari, walinzi, madereva, vijana wa bodaboda waliokabidhiwa pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Wote hao wana kazi leo, na wote hao wanaweza wasiwe nayo kesho asubuhi.

Mji uliojengwa kwa mikataba

Sisi watu wa Tabora suala hili hatukulianza jana. Mji wetu umekua juu ya migongo ya watu wa mikataba.

Katikati ya karne ya 19, wakati wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walipoweka makazi yao Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe, kila kitu kilichokuja kutoka pwani kilikuja kichwani au begani mwa mtu. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ni mwendo wa kilometa zipatazo 800. Mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: nguo, shanga na masango ya waya kuja bara, na pembe za ndovu kurudi pwani. Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliopatana ujira, wakadai posho yao ya kila siku, wakafuata kirangozi wao, na wengi walipanga safari zao ili warudi kwao kulima mvua zinapokaribia.

Mapatano yao yalikuwa ya namna mbili. Wanyamwezi wengi walipatana kwa safari: kutoka hapa hadi pale, ujira kadhaa. Waungwana wa pwani mara nyingi walipatana kwa mwezi, na walichukua malipo ya miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Kwa lugha ya leo, hao wa pili ndio watu wa mkataba unaojiongeza: mwezi ukiisha, unaanza mwingine, hadi hapo mmoja atakaposema basi.

Sasa jambo la kuzingatia ni mahali mapatano hayo yalipokuwa yanakoma. Kwa desturi ya njia ile, Kazeh ilikuwa kituo cha kuvunjia msafara. Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857, wapagazi wao walitua mizigo wakatawanyika, na wageni hao wakakaa wiki kadhaa kutafuta wengine. Kwa Burton ilikuwa kero. Lakini ukiitazama desturi ile kwa macho ya mpagazi, utaona ilikuwa na hekima. Kazeh palikuwa na maji, chakula, soko, jamaa, na misafara mingine iliyokuwa ikitafuta watu. Mtu aliachwa mahali ambapo angeweza kuishi, na mahali ambapo kazi nyingine ilikuwapo.

Kabla ya kufika hapa kulikuwa na sehemu nyingine, ambayo leo mabasi yetu yanaipita upande wa Manyoni na Itigi. Wazee waliiita Mgunda Mkali. Ni pori la vichaka vilivyofungana, lenye maji ya kubahatisha, kati ya Ugogo na Tura, kijiji cha mwanzo cha Unyamwezi kwa anayetoka mashariki. Msafara ulikazana kulivuka kwa siku nyingi kabla chakula hakijaisha.

Hebu jiulize: tajiri akimwambia mpagazi wake pale Kazeh, “Kazi imekwisha, chukua ujira wako,” amefanya nini? Amemaliza mkataba. Akimwambia maneno hayo hayo, na kumpa ujira ule ule, katikati ya Mgunda Mkali, amefanya nini? Maneno ni yale yale. Ujira ni ule ule. Hata karatasi, kama ingekuwapo, ingekuwa ile ile. Lakini kila mwenye akili anajua kwamba la kwanza ni kuagana, na la pili ni kumtupa mtu.

Mambo haya yalikuwa na upande wa pili pia. Mwanzoni mwa mwaka 1861 Speke alikuwa safarini kwa mara nyingine, njia hiyo hiyo. Njaa na mvua vikaupiga msafara, na wapagazi wengi wakamkimbia. Akakwama Jiwe la Mkoa, ndani ya Mgunda Mkali, mizigo chini na watu wa kuibeba hakuna, hadi Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa Kazeh, alipopeleka watu wa kumsaidia. Vitabu vya wasafiri wa zama zile vimejaa malalamiko ya namna hii. Tusiwasome wapagazi kwa macho ya wazungu hao tu, kwa kuwa aliyekimbia njaa hana kosa la mwizi. Lakini tusijifanye pia kwamba anayeachwa porini ni mpagazi peke yake. Tajiri naye huachwa.

Kwa hiyo notisi, ukiondoa lugha ya wanasheria, ni kitu rahisi. Ni umbali wa kutoka hapa mtu alipo hadi kwenye maji.

Maadui walipewa miezi minne

Wapo watakaosema kwamba notisi ni mambo ya vyama vya wafanyakazi, na hayana nafasi katika mimbari. Ukweli ni kwamba Qur'an imelizungumza jambo hili, na imelizungumza katika mazingira mazito kuliko ya shule na ofisi.

Katika Suratul Anfal, aya ya 58, Allah (s.w.) anamuelekeza Mtume wake (s.a.w.) kwamba akichelea hiana kutoka kwa watu walio na mkataba naye, awarudishie mkataba wao kwa usawa. Wanazuoni wa tafsiri wamelieleza neno hilo la usawa: kwamba pande zote mbili ziwe sawa katika kujua kuwa mkataba umekwisha. Asiwepo mmoja anayejua na mwingine asiyejua. Turudi kwa swali la mke wangu. Walijua lini? Aya inasema mjue pamoja.

Kisha mwanzoni mwa Suratut Tawba, mwaka wa 9 Hijria, washirikina waliokuwa wamevunja ahadi walitangaziwa kwamba mikataba nao imekoma. Hija ya mwaka ule iliongozwa na Abu Bakr (r.a.), na Ali (r.a.) akatumwa kulisoma tangazo mbele ya watu waliokusanyika kutoka kila upande. Pamoja na uadui wote uliotangulia, hawakushambuliwa siku ile. Walipewa miezi minne ya kwenda watakako katika ardhi kwa amani. Na wale ambao hawakuvunja ahadi, Waislamu waliamriwa wawatimizie muda wao hadi mwisho.

Miezi minne kwa watu waliochomoa panga! Mwalimu aliyefundisha watoto wenu miaka miwili na zaidi anapewa Jumamosi na Jumapili.

Lipo tukio jingine lililopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Muawiya (r.a.) alikuwa na mkataba wa amani na Warumi, na muda wake ulikuwa unakaribia kwisha. Akaanza kusogeza jeshi kuelekea nchi yao, ili siku ya mwisho ikipita tu awavamie. Kwa hesabu ya siku hakuwa amevunja kitu. Ndipo akaja mtu amepanda mnyama, anapaza sauti kwamba Allah ni Mkubwa, na kwamba itimizwe ahadi pasiwe na hiana. Alikuwa Amr bin Abasa (r.a.). Alipoulizwa akaeleza kuwa amemsikia Mtume (s.a.w.) akifundisha kuwa mwenye mkataba na watu asilifungue fundo wala asilikaze mpaka muda uishe, au awarudishie mkataba wao kwa usawa. Muawiya akageuka na jeshi lake akarudi.

Nilipolisoma tena tukio hili baada ya Ijumaa ile, lilinikaa moyoni. Muawiya hakuwa amevuka mpaka. Alikuwa anajiandaa tu, kimya kimya, huku upande wa pili umelala ukiamini amani bado ipo. Na huko kujiandaa kwa siri ndiko Amr alikokuita hiana. Sasa anayefanya usaili wa mtu mwingine kwa siri wiki sita, huku akimwacha aliyepo aendelee kukopa dukani, anatofautiana nini na jeshi linalosogea mpakani? Kama haya ndiyo maadili yetu kwa Warumi, hivi kweli yatakuwa pungufu kwa Muislamu mwenzetu tunayesimama naye safu moja?

Kila mwezi kwa dirhamu

Wanafiqhi nao walikutana na mkataba unaojiongeza karne nyingi zilizopita. Mfano wao maarufu ni wa mtu anayesema: nimekukodisha nyumba hii, kila mwezi kwa dirhamu moja, bila kutaja ni miezi mingapi.

Rai mashuhuri katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, ni kwamba mkataba huo haufai. Kwa nini? Kwa sababu muda wake wote haujulikani, na kutojulikana huko ni gharar. Katika madhehebu ya Imam Abu Hanifa unafaa kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukianza na mpangaji bado yumo ndani, basi mwezi huo nao unafungamana, na mwenye nyumba hawezi kumtoa mpaka uishe.

Wasomi waniwie radhi kwa kufupisha. Ninachotaka kionekane ni kwamba rai hizi mbili, pamoja na kutofautiana kwake, zinaogopa kitu kimoja: mtu mmoja kukaa gizani kuhusu mwisho wa jambo ambalo maisha yake yameegemea. Shafi anasema giza hilo lisiruhusiwe tangu mwanzo. Abu Hanifa anasema liruhusiwe, lakini ukishauingiza mguu ndani ya mwezi, mwezi huo ni wake.

Na tumwangalie Nabii Musa (a.s.) alipokimbilia Madyan. Suratul Qasas inatueleza kuwa mzee yule alimwajiri kwa miaka minane, na akimaliza kumi hiyo ni hisani yake Musa. Mzee akaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Musa alikuwa mkimbizi, hana mali, hana jamaa, angeweza kupewa masharti yoyote akayakubali. Lakini muda ulitajwa, mwisho ukajulikana, na nyongeza ikaachwa mikononi mwa mfanyakazi.

Sheria ya nchi inasemaje

Huko nyuma sheria zilimlinda zaidi mwenye mali. Enzi za Waingereza, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyeondoka kabla ya muda wake kuwa mhalifu wa kufungwa jela. Malalamiko ya tajiri aliyekwama porini yalipata hakimu na askari. Ya mpagazi aliyeachwa porini hayakuwa na uzito huo.

Leo hali ni tofauti, na Waislamu wengi hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kima cha chini cha notisi. Mkataba ukisitishwa ndani ya mwezi wa kwanza, siku 7. Baada ya hapo, siku 4 kwa anayeajiriwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayeajiriwa kwa mwezi. Notisi iwe ya maandishi, na itaje sababu na tarehe. Mwajiri anaweza kulipa fedha badala ya notisi. Na mkiamua kuweka muda mrefu zaidi, lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Hapo nilitabasamu, maana ni lile neno la Suratul Anfal: kwa usawa.

Na lile la kusema huyu si mwajiriwa bali anajitegemea? Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo haiangalii jina lililoandikwa kwenye mkataba. Inauliza mambo yenyewe yalivyo. Je, namna yake ya kufanya kazi na saa zake zinapangwa na huyo anayemlipa? Je, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Je, anamtegemea yeye kwa riziki yake? Likipatikana moja kati ya hayo na mengine yaliyotajwa humo, atachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitike vinginevyo. Aidha, mkataba wa muda ulioongezwa mara nyingi kiasi cha mtu kutarajia kwa haki kwamba utaongezwa tena, kukataa kuuongeza kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwachisha kazi. Mwenye malalamiko ya kuachishwa isivyo halali anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asikae nayo: muda uliowekwa ni siku 30.

Hata hivyo, sheria inapima notisi kwa jinsi mtu anavyolipwa: kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi. Sisi tunaoamini siku ya hesabu tuna kipimo cha ziada. Tunapaswa kuuliza: huyu mtu maji yake yako wapi? Fundi bomba anayehudumia nyumba kumi, ukimwacha wewe anabakiwa na tisa. Huyo yuko Kazeh, na neno la siku moja linaweza kumtosha. Lakini mwalimu ambaye mapato yake yote yanatoka kwako, na ambaye shule nyingine zimeshajaza nafasi kwa sababu muhula umeanza, huyo umemshika katikati ya Mgunda Mkali. Hata kama wote wawili wamesaini karatasi ya namna moja, haki zao kwako hazilingani.

Hoja za upande wa pili

Zipo hoja ambazo haki inataka tuzisikilize.

Wa kwanza anasema: Waislamu wako juu ya masharti yao, na huyu alisaini. Ni kweli hadithi hiyo ipo, na ni msingi mkubwa. Lakini hadithi hiyo hiyo imetoa nje sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu, na Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kudhuriana. Sharti la kusitisha wakati wowote linakupa mlango wa kutoka. Halikupi ruhusa ya kutoka na ngazi aliyopandia mwenzako.

Wa pili anasema: nikimpa notisi ataharibu kazi, atachochea wanafunzi, ataondoka na siri. Hofu hii si ya kuipuuza. Lakini dawa yake imeshatajwa: mlipe siku zake za notisi abaki nyumbani. Mpe posho ya kumfikisha Tura. Usichoweza kufanya ni kumnyima vyote viwili, muda na posho, kisha ukasema unalinda taasisi.

Wa tatu ndiye anayeniumiza zaidi, kwa kuwa ni wa kwetu. Anasema: hii ni madrasa, hii ni kazi ya dini, fedha hatuna, tunafanya fii sabilillah. Ndugu zangu, tuseme ukweli. Taasisi zetu nyingi za Kiislamu zinaajiri maustadhi bila hata ya kipande cha karatasi. Wanaitwa kwa takbira na wanaondolewa kwa minong'ono. Kama fedha haipo, notisi haihitaji fedha. Kumwambia mtu mwezi mmoja kabla ni bure. Masikini wa mali hana udhuru wa kuwa masikini wa ukweli.

Wala sisemi kazi isiishe. Kazi huisha. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ile kazi kubwa ya upagazi iliyolisha nchi nzima ikafa. Hilo ni zama kubadilika, hakuna wa kushitakiwa. Shule nayo inaweza kukosa wanafunzi, ofisi inaweza kufilisika. Mwajiri hakuahidi kwamba mvua itanyesha kila mwaka. Anachodaiwa ni kusema anapoona mawingu yametoweka, asisubiri mwenzake agundue kwa kuikuta mbegu imekauka.

Na mimi pia

Ningeishia hapo ningekuwa nimeandika makala nzuri ya mtu aliyedhulumiwa. Lakini isingekuwa kweli yote.

Kabla ya kuingia katika shule ile, nilikuwa nafundisha madrasa ya jioni mtaani kwetu. Malipo yalikuwa madogo, yanatoka kwa wazazi, mwezi mwingine yanakuja na mwingine hayaji. Shule iliponiita, walitaka nianze Jumatatu. Nami usiku wa Jumapili nilimtumia ujumbe mzee anayesimamia madrasa kwamba nimepata kazi, sitaweza kuendelea, Allah awajaalie mwalimu mwingine. Watoto walikuwa katikati ya Juzuu Amma. Sikuona vibaya. Nilijiambia hakuna mkataba ulioandikwa, na kwamba mtu hakatazwi kutafuta riziki.

Jumapili usiku mimi, Ijumaa mchana wao. Tofauti ni kwamba wao walinipa siku mbili zaidi ya nilizowapa wale watoto.

Tunapozungumzia haki ya notisi, wengi wetu tunamuona mwajiri tu. Lakini usawa ni usawa. Fundi anayechukua malipo ya awali akahamia kwa mteja mwingine, mwalimu anayeacha kidato cha nne wiki mbili kabla ya mtihani, dereva anayeegesha gari la mtu njiani na kuzima simu, wote wamefanya ndogo ya kile wanachokilalamikia. Na aliyeko Mgunda Mkali, mara nyingine, si tajiri wala mpagazi. Ni mtoto mwenye juzuu mkononi, ambaye hakusaini chochote.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa yule mzee. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa namna nilivyoondoka.

“Walikuja wiki tatu, mwalimu,” akasema. “Wanakaa na juzuu zao mpaka magharibi, wanaondoka. Mimi macho yangu hayasomi tena. Ungeniambia wiki mbili tu kabla, ningetafuta mtu.”

Sikuwa na jibu. Nikamwambia kama hajapata mwalimu wa kudumu, jioni zangu ziko wazi.

“Hilo sawa,” akasema. “Lakini safari hii tuandike. Utakavyoanza, na utakavyoondoka.”

Tuliandika palepale, kwenye karatasi ya daftari. Mistari mitano. Wa mwisho unasema kwamba anayetaka kusitisha, awe mwalimu au madrasa, atamwambia mwenzake mwezi mmoja kabla, na kwamba hakuna atakayeondoka katikati ya juzuu.

Huo ndio ushauri wangu kwa kila msimamizi wa shule, msikiti, madrasa na duka anayesoma hapa, na kwa kila ustadhi na fundi. Chukueni karatasi leo, kabla hakuna ugomvi. Andikeni muda. Andikeni mwisho. Andikeni notisi, iwe sawa kwa wote wawili, na iwe ndefu kiasi cha kumfikisha kwenye maji yule aliye mbali nayo zaidi. Na siku mtakayoamua kwamba mtu aondoke, siku hiyo hiyo mwambieni. Ahadi ni deni, na kuagana nako ni sehemu ya ahadi.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza mapatano yao, na atusamehe tuliowaacha wenzetu njiani.

Wabillahi tawfiq.